Mrembo wa Mwanza akigeukia filamu: tumlaumu au tumpe mwalimu?

Binti akianzia kwenye mitindo au mashindano ya urembo kisha akahamia kwenye filamu, maneno hayakosekani. Wengine husema ana sura tu, kipaji hana. Mashabiki wake nao hujibu kwamba huo ni wivu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaruka jambo la msingi: filamu zetu ziliuzwaje?

Enzi za DVD, mteja wa Kirumba au Igoma hapa Mwanza alisimama kibandani akachagua filamu kwa kutazama kava. Hakuwa ameona hata dakika moja ya mchezo. Msambazaji wa Kariakoo alilijua hilo, kwa hiyo sura inayofahamika ilikuwa nusu ya biashara. Ndiyo maana shindano moja tu, Miss Tanzania la 2006, liliipa Bongo Movie Wema Sepetu aliyetwaa taji, pamoja na Jokate Mwegelo na Irene Uwoya walioshiriki. Wema aliingia na jina tayari mkononi, akacheza na Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyekuwa amekwisha kung'ara. Kumlaumu binti kwa kupita kwenye mlango uliofunguliwa na soko lenyewe ni kumwonea.

Kwetu Kanda ya Ziwa mlango huo ulikuwa na thamani zaidi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000, na huko ndiko waliko watayarishaji wengi na vituo vya televisheni. Chuo cha sanaa, TaSUBa, kiko Bagamoyo. Binti wa Buzuruga asiye na shangazi wa kumpokea Sinza angefikaje? Mashindano ya urembo yalimpa nafasi ya kujulikana kabla hajakanyaga mjini.

Hata hivyo wakosoaji wana hoja, tena nzito. Mitindo humfundisha mtu kutuliza uso: kidevu juu, macho yapite juu ya vichwa vya watazamaji, nguo ndiyo ionekane. Kamera ya filamu inasogea karibu na kudai kinyume chake. Chukua tukio la mama pale Mwaloni Kirumba, anachambua dagaa huku mkwewe akimweleza kwamba anamwacha binti yake. Vidole viendelee kutoa uchafu, sauti isipande kwa sababu wateja wanasikia, lakini mtazamaji aone kwamba mama ameumia. Mwendo wa jukwaani hausaidii kitu hapo.

Halafu kuna sauti. Jukwaani mwanamitindo hasemi. Kwenye filamu lazima aseme, na lafudhi ya Kisukuma imezoeleka kutumika kuchekesha. Wengi huificha, wakaishia na Kiswahili cha kuigiza ambacho hakina mwenyewe. Hili linaniuma kuliko yote, maana tunapoteza sauti za watu wetu katika simulizi nzito.

Sasa soko limebadilika. DVD zimepotea, tamthilia zimechukua nafasi. Kava lilihitaji picha moja nzuri. Tamthilia inamrudisha mwigizaji sebuleni kwa watu wiki baada ya wiki. Uzuri humvuta mtazamaji siku ya kwanza, baada ya hapo anataka mtu.

Charlize Theron wa Afrika Kusini alianza kama mwanamitindo, akapata Oscar mwaka 2004 kwa nafasi iliyomtaka aongeze uzito na kuuficha uso ule ule uliomtoa. Lupita Nyong'o, ambaye asili ya familia yake ni upande wa Kisumu wa ziwa hili hili, alipita njia ya kinyume: alisomea uigizaji Yale, akapata Oscar 2014, ndipo Lancôme ikamfanya sura ya vipodozi vyake. Tofauti yao ni wapi walianzia. Kufanana kwao ni kwamba kila mmoja aliifanya kazi ya uigizaji yenyewe.

Kwa hiyo lawama zangu nazielekeza kwa wanaowachukua mabinti hawa bila kuwafundisha. Mwandaaji wa shindano la urembo Mwanza anatafuta mwalimu wa kutembea na mtu wa vipodozi. Aongeze na mwalimu wa uigizaji. Watayarishaji nao wawape mabinti wa huku nafasi nzito, na wawaache wazicheze kwa lafudhi yao.