Sayari Iliyonasa Kwenye Pangaboi

Kamba ile niliambiwa ni madhubuti. Aliyenipa aliapa kwamba inaweza kuvuta gari. Mimi sikuwa na gari. Nilikuwa na mpira wa tenisi uliopasuliwa, ndani yake king'ora kidogo cha betri, kile kinacholia piiii mpaka meno yanasisimka. Na nilikuwa na ukumbi uliojaa watu waliokuja kuelezwa jinsi wanaastronomia walivyoipima sayari HD 209458b, tungamo lake na kasi ya upepo wake, ilhali hakuna binadamu aliyewahi kuiona kwa macho, hata kwa darubini.

Mpango wenyewe haukuwa na tatizo. Unafunga mpira kwenye kamba, unauzungusha juu ya kichwa, na waliokaa mbele wanasikia sauti ikiwa nyembamba kila mpira unapowajia na nzito kila unapowakimbia. Ndiyo athari ya Doppler, aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Mwaka 1845 mwanasayansi Buys Ballot aliijaribu huko Uholanzi kwa kuwapakia wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwapitisha mbele ya wanamuziki wenye masikio makali. Namwonea wivu sana bwana yule. Treni ina reli.

Nikaanza kuzungusha. Piiiu-piuuu, piiiu-piuuu. Watu wakatabasamu. Nikasema, "Sasa chukulieni kwamba mpira huu ni saya..." na mkono ukawa mwepesi ghafla.

Kamba ya kuvuta gari ilikuwa imekatika. Mpira ukapaa na mkia wake wa kamba, mkia ukajisokota kwenye panga moja la pangaboi lililokuwa likizunguka juu ya meza kuu, na sayari yangu ikaanza mzunguko mpya ambao haukunihitaji tena.

Jambo la kuudhi ni kwamba onyesho liliboreka. Mimi mkono ungechoka; pangaboi halichoki. Sauti ilipanda na kushuka kwa mpangilio ambao nisingeuweza maishani. Mhudumu akakimbilia swichi, lakini mwenyekiti, aliyekuwa amekaa chini kabisa ya tukio, akainua mkono bila kuinua macho. "Usizime. Ukizima litaniangukia mimi. Mwalimu, endelea."

Basi nikaendelea, kwani ningefanya nini? Nikaeleza kwamba HD 209458b ni jitu la gesi lililo karibu mno na nyota yake, katika kundi la nyota la Pegasus. Mwaka wake ni siku tatu na nusu tu. Joto linazidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Inaaminika kwamba upande mmoja umeikabili nyota daima na mwingine hauijui asubuhi. Mwaka 1999 ilikuwa sayari ya kwanza ya nje ya mfumo wetu kuonwa ikipita mbele ya nyota yake, kwa kuwa nyota ilififia kidogo kila inapopita. Nilikuwa nikipaza sauti ili niushinde mpira. Nadhani kila neno lilitoka kama tangazo la mnada.

Hapo kijana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, pangaboi linayumba."

Kweli lilikuwa linayumba. Nusura nimkumbatie. Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa inanipotezea wasikilizaji, na sasa ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyao! Watu wengi hudhani nyota imetulia na sayari ndiyo inayozunguka. Hapana. Zinavutana, na vyote viwili vinazunguka kitovu kimoja cha uzito; mkubwa hatua ndogo, mdogo hatua kubwa. Nyota ile huyumba kwa kasi ya mita 84 hivi kwa sekunde, na hilo lilijulikana mapema. Kilichokosekana ni kasi ya sayari yenyewe. Ndipo mwanaastronomia Ignas Snellen na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walipotumia darubini kubwa ya Paranal, nchini Chile, na spektrografu yake, chombo cha kuuchambua mwanga rangi kwa rangi, iitwayo CRIRES. Wakaupata mwanga wa nyota uliopenya ukingoni mwa hewa ya sayari, wakatafuta ndani yake alama za gesi ya kaboni monoksidi na kupima zilivyosogea, maana mwanga nao hubadilika kwa mwendo kama sauti ya mpira wangu. Sayari inakwenda kilomita 140 kwa sekunde.

"Gawanyeni," nikapiga kelele. "Kilomita 140 kwa mita 84!"

"Mara elfu moja mia sita na kitu," akajibu mwenyekiti, bado anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Barabara. Sayari ni nyepesi kuliko nyota yake kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa na kasi zote mbili unaipima hata nyota yenyewe kwa kanuni za Newton tu, bila kukisia, na hapo ndipo utamu ulipo. Nyota ikatoka karibu sawa na Jua letu, sayari ikatoka kama asilimia 64 ya tungamo la Mshtarii (Jupita). Nilipotamka asilimia hiyo, skrubu ikadondoka kutoka darini na kutua mezani, tii. Mwenyekiti akaiokota, akaiweka juu ya daftari lake, akaandika kitu.

Waliokaa karibu na meza kuu wakaanza kuhama na viti vyao. Nikawashukuru kwa kunikumbusha kwamba msikilizaji naye huwa hatulii. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na mwendo huo lazima utolewe kwenye hesabu. Nyota ile nayo inatusogelea kwa karibu kilomita 15 kwa sekunde, toa. Sayari inapokatiza mbele ya nyota inaanza kwa kutujia na inamaliza kwa kutukimbia. Toa hiyo pia. Ukishatoa vyote inatakiwa ibaki sifuri.

"Haikubaki sifuri!" nikasema, na pangaboi likajibu ngo, ngo, ngo.

Zilibaki kama kilomita 2 kwa sekunde, kuelekea kwetu. Sayari ikiwa mbele ya nyota, upande tunaougeukia sisi ni ule wa usiku. Gesi inayotoka mchana kwenda usiku inavuka ukingo ikija upande wetu. Kwa hiyo wakasema ni upepo, kati ya kilomita 5,000 na 10,000 kwa saa. Kipimo chenyewe kilikuwa chembamba kuliko nywele: badiliko la sehemu moja kwa 150,000 ya urefu wa wimbi la mwanga. Mimi huwa naona hapo ndipo watu wanapopaswa kupiga makofi.

Hakuna aliyepiga. Mama mmoja wa nyuma aliuliza, kwa adabu zote, "Samahani Mwalimu, upepo huo ni wa kule au wa hapa?"

Sikuwahi kumjibu. Kamba iliachia. Mpira ukapita juu ya kichwa cha mwenyekiti ukilia kwa sauti nyembamba kuliko zote za siku ile, maana ulikuwa unanijia mimi. Nikainama. Ukadunda ukutani nyuma yangu, ukarudi mezani na kutumbukia ndani ya jagi la maji, ukalia blub, blub, ukanyamaza. Mhudumu akazima swichi. Pangaboi likasimama limeinama kama linasikiliza.

Mwenyekiti akafungua daftari, akatushukuru sote kwa uvumilivu, akasema maswali yatapokelewa nje.

Baadaye alikuja fundi kulifunga upya. Fomu ya matengenezo ilikuwa na nafasi ya "Chanzo cha uharibifu". Fundi akawauliza waliokuwepo, wakamweleza, naye kwa uaminifu wake akaandika: Sayari. Mhasibu akairudisha fomu, akataka sayari itajwe jina. Nikaletewa mimi. Nikajaza HD 209458b, na kwenye nafasi ya "Umbali kutoka eneo la tukio" nikaweka miaka ya nuru 150 na ushei.

Malipo yakapita.