CUDA kwenye kadi ya AMD: kosa liko wapi?

Ukiulizia kadi ya grafiki ya kazi kwenye maduka ya kompyuta ya Mwanza mjini, jibu la haraka ni kwamba AMD ni ya gemu, kazi ni NVIDIA. Kama ushauri wa manunuzi, si mbaya. Tatizo ni kipande cha pili ambacho siku hizi hufuata nyuma yake: kwamba anayeendesha programu za CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi zake, kwenye kadi ya AMD anachakachua, yuko kundi moja na aliyeweka Windows ya kukraki. Maneno hayo yanawatisha watu wasiostahili kutishwa: mpima ardhi anayeunganisha picha za droni, studio inayotengeneza matangazo kwa Blender (programu ya michoro ya 3D), mwanafunzi wa chuo kikuu huko Malimbe anayefundisha modeli ya akili bandia itambue magugu maji kwenye picha za setilaiti.

Tutenganishe mambo. CUDA ni mali ya NVIDIA tangu 2007, na mwenye kadi nyingine ana njia tatu za kuifikia. Ya kwanza ni kubadilisha msimbo wenyewe uwe HIP, lugha ya AMD ya kazi hizi, inayofanana na CUDA karibu neno kwa neno. Zana ya hipify hugeuza cudaMalloc kuwa hipMalloc na kuendelea hivyo, kisha yaliyobaki hurekebishwa kwa mkono. Ya pili ni kuuchukua msimbo wa CUDA ulivyo na kuukompaili kwa kompaila nyingine (kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kama ifanyavyo SCALE ya Spectral Compute ya Uingereza, iliyotoka Julai 2024. Ya tatu ni kuchukua programu iliyokwisha kukompailiwa, ambayo msimbo wake huna, na kuitafsiri inapoendeshwa. Hiyo ndiyo kazi ya ZLUDA, mradi ulioanzishwa na Andrzej Janik mwaka 2020. Njia mbili za kwanza hazijazua ugomvi wa maana. Lawama zinatokana na ya tatu, kisha zinawamwagikia wote.

Programu ya CUDA inapoanza huita faili la dreva, yaani programu inayoisemesha kadi: nvcuda.dll kwenye Windows, libcuda.so kwenye Linux. ZLUDA huweka faili lenye jina hilohilo, lililoandikwa upya, likapokea maagizo yaliyokusudiwa NVIDIA. Ndani ya programu nyingi kuna PTX, msimbo wa kati ambao dreva ya NVIDIA ingeugeuza kuwa lugha ya kadi yake. ZLUDA inaugeuza kuwa lugha ya kadi ya AMD. Kazi hiyo ya kugeuza ni nzito na matokeo yake huhifadhiwa diskini, ndiyo maana mara ya kwanza programu huonekana imeganda kwa dakika kadhaa na mara ya pili inafunguka upesi. Wengi huizima katikati wakidhani imekufa, kisha wanaanza upya na kungoja tena. Ikiwa programu imefungashwa na msimbo wa mwisho wa NVIDIA pekee, bila PTX, hakuna cha kutafsiri, itagoma.

Kilichoigwa hapo ni majina ya vitendaji (functions) na namna ya kuviita. Mwaka 2021, katika kesi ya Google na Oracle, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba Google kunakili takriban mistari 11,500 ya matamko ya aina hiyo ya Java, lugha ya programu ya Oracle, kwa ajili ya Android kulikuwa matumizi halali. Ulaya nako, direktivu 2009/24/EC inaruhusu kwa masharti kuchambua programu ili nyingine iweze kufanya kazi nayo. Hizo si sheria za Tanzania na hazimpi mtu wa Mwanza kinga yoyote. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba jambo linaloitwa wizi kwenye kaunta zetu limewahi kubishaniwa mbele ya majaji, na aliyeiga akashinda.

NVIDIA haikutegemea hakimiliki peke yake, iliweka mkataba. Tangu 2021 masharti ya leseni ya CUDA yaliyo mtandaoni yalikuwa na kifungu ambacho wengi walikigundua Machi 2024, kilipoonekana pia ndani ya mafaili yanayosakinishwa. Kinakataza kuchambua kinyumenyume matokeo yaliyotolewa na zana za CUDA kwa lengo la kuyatafsiri yaendeshwe kwenye jukwaa lisilo la NVIDIA.

Neno la kushikilia hapo ni matokeo. Kukataza watu wasiifungue kompaila yenyewe ni jambo la kawaida, karibu kila leseni ya programu isiyo huria inasema hivyo. Hiki kinakwenda mbele zaidi. Mtu ameandika hesabu zake mwenyewe, usiku wake na umeme wake, akazipitisha kwenye nvcc, kompaila ya CUDA, ikatoka PTX. Kilichomo mle ni kazi yake iliyobadilishwa umbo, na bado kifungu kinataka kuamua itakwenda kuendeshwa kwenye kadi ya nani. Ni kama mwenye mashine ya kusaga akukabidhi unga wa mahindi yako kisha akuambie usisonge ugali kwenye jiko la jirani. Nimejaribu kukisoma kwa namna ya kukipendelea, kwamba labda kilinuia kulinda siri zilizofichwa ndani ya matokeo. Lakini kifungu chenyewe kinataja lengo linalokatazwa, nalo ni kuhamia kwenye jukwaa la mwingine.

Tena mkataba humfunga aliyeukubali. Aliyepakua zana za CUDA na kubonyeza kitufe cha kukubali amejifunga, naye ni mwandishi wa programu. Anayefungua programu iliyotengenezwa na mwingine hakupakua zana hizo wala hakuulizwa. Kwa hiyo yule anayetishwa zaidi Mwanza, mtumiaji wa kawaida mwenye kadi ya mkono wa pili, ndiye ambaye kifungu kinamfikia kwa shida kuliko wote.

Sasa upande wa NVIDIA, maana wana hoja. Ya kwanza ni maktaba, yaani mafungu ya msimbo uliokwisha kuandikwa ili programu nyingine ziutumie. Programu nyingi nzito hazitumii CUDA tupu, zinategemea cuBLAS na cuDNN, na hizo ni kazi ya NVIDIA yenyewe, zimenolewa kwa miaka. Leseni inasema wazi kwamba zana hizo zimetolewa kwa kutengeneza programu za kutumika kwenye mifumo yenye kadi za NVIDIA tu. Kuziendesha zenyewe kwenye kadi ya mshindani ni suala tofauti kabisa na kutafsiri PTX yako, na hapo NVIDIA imesimama pagumu. ZLUDA hujaribu kulikwepa hilo kwa kuelekeza miito ya maktaba hizo kwa zile za AMD, kama rocBLAS.

Ya pili ni uvumilivu kwa kadi za zamani, na hii ina uzito kwa soko letu la kadi kuukuu. GTX 970 ya mwaka 2014 iliendelea kupokelewa na CUDA hadi toleo la 12; ni CUDA 13 ya mwaka 2025 iliyoiacha. RX 580 ya AMD ilitoka 2017 na baada ya miaka michache tu ROCm, mfumo wa AMD wa kazi hizi, ikaiondoa kwenye orodha. Anayesema AMD haiaminiki kwa kazi hajatunga.

Na AMD yenyewe ndiyo iliyoikwaza ZLUDA. Ilimfadhili Janik tangu 2022 kimyakimya, ikaacha, naye akaitoa kazi hiyo hadharani Februari 2024 akisema makubaliano yalimruhusu. Agosti mwaka huohuo mawakili wa AMD wakasema ruhusa aliyopewa kwa barua pepe haikuwa na nguvu, msimbo ukaondolewa. Mradi ulifufuka baadaye kwa mfadhili mwingine, ukianzia kwenye msimbo wa kabla ya AMD. NVIDIA, inayolaumiwa kwa kufunga mlango, haikuhitajika hata kunyanyuka.

Kwa nini basi mtu ahangaike? Kumbukumbu ya kadi. RTX 4060 Ti ya NVIDIA ya GB 16 ilitangazwa kwa dola 499, RX 7600 XT ya AMD yenye GB 16 hizohizo kwa dola 329. Juu zaidi, RTX 4090 na RX 7900 XTX zote zina GB 24, ya kwanza ilitangazwa kwa dola 1,599 na ya pili dola 999. Hizo zilikuwa bei zilizotangazwa na watengenezaji kadi zilipotoka, kabla ya usafiri na ushuru, na modeli isipoenea kwenye kumbukumbu haiendeshwi, kadi iwe na kasi ya namna gani.

Kazi nyingi za hapa hazihitaji hata kufika kwenye ZLUDA. Blender ina HIP tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021: ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya mfumo, chagua HIP badala ya CUDA. Metashape, inayounganisha picha za droni, inatumia OpenCL, mfumo wa kazi hizi usiofungwa na kampuni moja, kwenye AMD. PyTorch, zana ya kufundishia modeli, ina toleo la ROCm ambalo kwa makusudi limeacha jina la zamani, hivyo msimbo ulioandikwa "cuda" unabaki vilevile na torch.cuda.is_available() inajibu ndiyo. Ukitaka kujua uko wapi kweli, andika torch.version.hip. Ikikupa namba, uko kwenye AMD.

Kwenye RX 6600, kadi ya GB 8 inayokula wati 132, hatua ni hizi. Weka Ubuntu (aina ya Linux), sakinisha ROCm, jiongeze kwenye vikundi viwili kwa sudo usermod -aG render,video $USER, kisha toka na uingie tena. Asiyetoka anabaki akiambiwa hakuna kadi. Endesha rocminfo, utaona gfx1032, jina la ndani la chipu ya kadi hii. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu maktaba zimekompailiwa kwa gfx1030, ndugu yake mkubwa, na programu hufa ikilalamika kwamba hakuna msimbo wa kadi hii. Dawa ni export HSA_OVERRIDE_GFX_VERSION=10.3.0 kabla ya kuanza. Pakua PyTorch ya ROCm ukiwa na bando la kutosha, ni gigabaiti kadhaa. Mwenye RX 580 asijisumbue na haya yote. Kwa modeli za lugha atumie programu ya llama.cpp kupitia Vulkan, mfumo wa grafiki unaokubaliwa na kadi za kampuni nyingi, inampokea bila ROCm.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko ya kisheria haitajwi dukani. Kadi hugawa kazi kwenye nyuzi (threads) na kuziendesha kwa mafungu; za NVIDIA huendesha nyuzi 32 kwa pamoja. Kadi za AMD za familia za Vega, Polaris na zile za seva za MI huendesha 64. (RX 6600 na wenzake wa RDNA hufanya 32, wamenusurika.) Kitendaji __ballot, kinachouliza kila uzi "umeona?", hurudisha biti 32 kwenye NVIDIA na 64 kwenye HIP. Msimbo uliohamishwa haraka ukiyapokea majibu hayo kwenye unsigned int, yenye nafasi ya biti 32 tu, biti 32 za juu zinatupwa. Ukihesabu majibu ya "ndiyo" kwa __popc, ya biti 32, badala ya __popcll, ni hivyohivyo. Hakuna kosa linaloonyeshwa, programu inamaliza kwa furaha.

Chukua kazi ya kuhesabu magugu maji Ghuba ya Mwanza kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2. Kipikseli kimoja ni mita 10 kwa 10, vipikseli 100 ni hekta. Kwa kosa hilo, penye magugu yaliyotanda hekta 400 zinaweza kutoka 200, kwenye ramani nzuri tu, na ripoti ikaandikwa.

Kwa hiyo kabla ya kuamini kadi yoyote iliyohamishiwa msimbo, kata kipande kidogo cha picha, kiendeshe kwenye prosesa ya kawaida, kisha kwenye kadi, ulinganishe. Tofauti kwenye tarakimu ya tano au ya sita baada ya nukta ni za kawaida, mpangilio wa kujumlisha haufanani. Idadi ya vipikseli iliyopungua kwa nusu si ya kawaida, na wa kuanza kutiliwa shaka ni huo upana wa 64.