Lango la feri likifunguliwa, wagonjwa hawana mtu
Mimi ni wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa kwanza Mombasa, najitolea wodi ya watoto katika hospitali moja kisiwani. Nalala Likoni, kwa hiyo kila alfajiri navuka na feri. Watu wa huku wamenipokea vizuri mno. Jirani yangu hakubali nitoke bila mahamri na mbaazi.

Ila jamani, lango likifunguliwa utu tunauacha wapi? Juzi mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Watu wakamsukuma, begi la kijana mmoja likamgonga mtoto mguu uleule. Alilia mpaka tukafika ng'ambo. Baadaye nikamkuta kwenye benchi letu, amelishikilia paja lake kwa mikono miwili, hataki kuguswa hata na nesi.

Kuvuka kwa miguu ni bure, na feri ikikuacha nyingine inakuja. Mjamzito, mzee wa kliniki, mtu wa magongo, wote wabanwe ukutani kwa sababu ya dakika 10? Inaniuma sana. Wapisheni watangulie, tafadhalini.