Kidole Kikiwa Cheusi, Tuulize Kazi na Msokoto

Mjomba wangu wa Urambo alianza kwa kulalamika kwamba unyayo unamuuma akitoka nyumbani kwenda bani, banda la kukaushia tumbaku. Akipumzika unaacha, akiinuka unarudi. Baadaye kidole kimoja cha mguu wa kushoto kikawa cha baridi, kikageuka rangi ya zambarau, mwishowe ncha ikawa nyeusi kama kuni iliyoungua. Zahanati wakasema sukari. Ikapimwa mara mbili, iko sawa. Majirani wakasema amekanyaga kitu alichotegewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeutazama msokoto wa tumbaku aliokuwa ameushika mkononi.

Alikuwa na miaka 38.

Ugonjwa huo unaitwa Buerger, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1908. Mishipa ya damu ya mikono na miguu huvimba na kuziba, na wataalamu wengi wanaamini kinga ya mwili ndiyo inayoigeukia mishipa hiyo. Huwapata zaidi wanaume ambao hawajafika miaka 50, na karibu wote ni watumiaji wa tumbaku. Hakuna dawa inayoshinda kuiacha kabisa. Kupunguza hakusaidii: hata sigara moja mbili kwa siku hutosha kuuendeleza ugonjwa.

Ninaandika haya nikijua tumbaku ndiyo iliyonisomesha. Simwambii mtu ang'oe shamba lake. Ninachodai ni kwamba katika mkoa huu wa Tabora, ambako jani linalimwa, linakaushwa na kusokotwa nyumbani, mgonjwa mwenye kidole kinachokufa aulizwe kuhusu tumbaku siku ya kwanza, kabla ya kuulizwa amegombana na nani.

Aulizwe na kazi yake pia. Kule Nzega vijana wanasaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha, mashine za kuvunjia mawe, nyuso nyeupe kwa vumbi. Vumbi hilo la mawe, lenye madini ya silika, tunalijua kwa kuharibu mapafu, lakini linahusishwa pia na ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa midogo ya damu, hasa ya figo na mapafu. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, madaktari wa huko waliona wagonjwa wa aina hiyo wakiongezeka, wakalishuku vumbi la majengo yaliyobomoka. Huku kwetu kijana akikohoa damu tunasema TB. Apimwe TB, ndiyo, ni lazima. Ila majibu yakirudi safi asirudishwe kwenye karasha na dawa ya kikohozi; mkojo wake upimwe damu na protini, maana figo huumia kimyakimya. Na mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa.

Mjomba alikatwa kile kidole. Msokoto aliuacha wodini, na ugoro pia. Vidole tisa vilivyobaki vina joto. Nikienda kumsalimia hunyoosha miguu mwenyewe juu ya mkeka, kabla sijaomba, nivishike kimoja kimoja.