Dakika ishirini zinazokosekana kwenye chipsi za Tanga

Kila habari inapopita kwamba tawi jipya la kuku wa kukaanga wa Kimarekani limefunguliwa Dar es Salaam, vijiwe vya Ngamiani huuliza swali lilelile: na Tanga lini? Mimi sina haraka. Kuku wa KFC akiwa wa moto hana ubaya, ila anayedhani wale jamaa wanatushinda kwa viazi au kwa viungo anakosea. Wanatushinda kwa saa. Chipsi zao za Jumatatu mchana ni zilezile za Ijumaa usiku, wakati kwetu banda hilohilo litakupa leo kiepe cha kulamba vidole, kesho likakupa vijiti vilivyolowa mafuta, na bei haijabadilika.

Kuhusu viazi, tukumbushane kilichotokea kwa jirani. Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi, katika nchi ambayo kiazi ndicho chakula cha pili baada ya mahindi. Chipsi zilikuwa zinaagizwa kutoka nje zikiwa zimegandishwa, meli zikachelewa kwa vurugu za usafirishaji za wakati wa korona, na kampuni ikaeleza kwamba viazi vya wakulima wa Kenya havijapita kwenye taratibu zake za ukaguzi. Watu walichachamaa mitandaoni, wengine wakataka isusiwe. Hasira ilikuwa halali. Lakini ndani ya ile aibu kuna jambo: mfumo mkubwa hauwezi kukaanga kiazi usichokijua kina maji kiasi gani na sukari kiasi gani. Muuza chipsi wa Makorora, hapa Tanga, anaweza, kwa sababu anakishika kwa mkono wake kila asubuhi.

Tatizo ni kwamba hakisikilizi. Viazi vyetu vingi vinashuka kutoka Lushoto, na mkulima akiona bei imepanda anachimba kabla havijakomaa. Kiazi kichanga kina sukari nyingi na maji mengi. Kikiingia kwenye mafuta, nje kinageuka kahawia haraka kabla ndani hakijaiva, halafu kikipoa kinalegea. Kukitambua si kazi: sugua ganda kwa kidole gumba, likichubuka kirahisi ujue kimechimbwa mapema. Anayetaka uhakika zaidi akoroge gramu 120 za chumvi kwenye lita moja ya maji, atumbukize viazi vitano vya gunia hilo. Vinavyozama vina wanga wa kutosha, ndivyo vya chipsi. Vinavyoelea vipelekwe kwenye mchuzi.

Kiazi kinahitaji pia kupumzika. Ndugu wawili wa McDonald, waanzilishi wa mgahawa wa jina hilo kule San Bernardino, California, waliweka viazi vyao kwenye matenga ya wavu wa waya, upepo mkavu wa jangwani ukawa unavipuliza. Ray Kroc, aliyeusambaza mgahawa wao, alipofungua tawi lake Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, alifuata kila hatua yao na bado chipsi zikamtoka mbovu, mpaka ikabainika kwamba mapumziko yale ndiyo yaliyokuwa yakigeuza sukari kuwa wanga. Akalazimika kuvipulizia viazi feni. Sisi watu wa Tanga tunatambulika kwa waja leo waondoka leo, lakini kwa kiazi msemo huo haufai: kishuke leo, kikae siku tano mpaka saba kwenye matenga, kivulini na penye hewa, mbali na jua (jua hukifanya kiwe kijani, na sehemu ya kijani ina sumu, ikatwe itupwe). Zaidi ya hapo joto la pwani litakichipusha au kukiozesha. Na kisiwekwe kwenye friji, maana baridi hurudisha sukari ileile unayoikimbia.

Sasa twende kwenye kabati la vioo. Hapa ndipo ninapogombana na mabanda mengi, kuanzia stendi ya Kange mpaka pembeni ya Mkwakwani. Utaratibu uliozoeleka ni huu: chipsi zinakaangwa mara moja mpaka ziwe za dhahabu, zinamwagwa kabatini, taa inawashwa, zinasubiri. Mteja akija saa mbili baadaye zinarudishwa kwenye karai kupashwa. Kilichokwishaiva kinaiva tena: kinakauka katikati, kinanyonya mafuta, na rangi inakuwa ya udongo. Halafu lawama zinakwenda kwa viazi.

Ajabu yake ni kwamba muuzaji huyo tayari anakaanga mara mbili, kama wanavyofanya wenye majina makubwa duniani. Anakosea tu mahali pa kusimama. Mkaango wa kwanza unatakiwa uishie kabla ya rangi.

Kata vipande vya unene wa sentimita moja, vilingane, kwa sababu chembamba kitaungua kikimsubiri mnene. Suuza kwenye maji mara mbili au tatu mpaka maji yaache kuwa meupe kama ya mchele. Ule weupe ni wanga wa juu unaogandisha chipsi pamoja na kuungua chini ya karai. Loweka nusu saa, chuja, kausha kwa kitambaa safi. Hatua ya kukausha inarukwa kuliko zote, na kuiruka ndiko kunakofanya mafuta yaruke na kupoa. Mkaango wa kwanza ni wa mafuta ya nyuzi joto 150 mpaka 160, dakika tano au sita. Kipande kikibonyezwa kiwe laini, rangi bado ya mahindi mabichi. Toa, tandaza kwenye chujio pana, usirundike. Acha dakika ishirini. Katika dakika hizo mvuke unatoka, uso unakauka na kupata kiganda chembamba. Ndipo mteja akiagiza unarudisha kwenye mafuta ya nyuzi 180 mpaka 190 kwa dakika mbili au tatu, mpaka zilie zikitikiswa.

Kabati likitumika hivyo linakuwa mali. Linahifadhi chipsi nusu, mteja anapata za moto ndani ya dakika tatu, na zinazobaki jioni hazijaharibika rangi. Sharti ni moja: chipsi nusu zisikae zaidi ya saa mbili kwa joto letu, na kabati litobolewe matundu juu, la sivyo mvuke utarudi kuzilowesha. Taa ile ya njano inapamba tu.

Kipimajoto cha jikoni si ghali, na kinadumu miaka kikitunzwa. Asiyenacho achome kijiti kikavu cha mbao kwenye mafuta: vipovu vichache vya polepole ni joto la kwanza, vipovu vingi vya haraka ni la pili, moshi ni kosa. Saa ipo kwenye simu. Kwa mkoa unaosifika kwa maziwa hili lisiwe geni. Mfugaji anajua maziwa yake yatapimwa kwa laktomita kabla hayajapokelewa, na haoni kama ametukanwa. Kwa nini karai lisipimwe?

Kosa linalofuata ni la wingi. Karai lenye lita tatu za mafuta linabebeshwa kilo mbili za viazi kwa sababu foleni ni ndefu. Joto linaporomoka, viazi vinachemka badala ya kukaangika, na vinakaa humo muda mrefu vikilainika. Lita tatu zinabeba nusu kilo kwa wakati mmoja, basi. Mteja wa mwisho atasubiri kidogo. Hata hivyo atasubiri, maana karai lililopoa nalo halina haraka. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba mafuta mengi huingia kwenye chipsi zikishatolewa, si zikiwa ndani. Mvuke unaotoka hukizuia kipande kunywa. Kikianza kupoa, mvuke unapungua na mafuta ya juu yanavutwa ndani. Kwa hiyo tikisa chujio juu ya karai kwa nguvu, sekunde kumi au kumi na tano, papo hapo. Ni mafuta yako yanarudi.

Na mafuta yenyewe si ya kuchezewa. Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa, huku vita vya Ukraine vimekwishabana alizeti, na kila mwenye karai nchini alionja makali yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta tunayotumia inaagizwa. Tangu hapo tabia ya kuyavuta mafuta mpaka pumzi ya mwisho imezidi. Naielewa hesabu hiyo, ila inapigwa vibaya. Kinachoua mafuta haraka ni makombo yanayoungua chini, maji, chumvi, na moto usiozimwa wakati hakuna mteja. Yachujwe kwa kitambaa kila jioni yakishapoa, karai lisuguliwe, chumvi inyunyizwe kwenye sahani na kamwe si juu ya karai. Alizeti ni mazuri kwa mchuzi lakini kwenye karai la kutwa nzima yanachoka mapema kuliko mawese, kwa asili yake.

Dalili za uchovu ziko wazi: povu dogodogo linalotapakaa na kukataa kushuka, moshi kabla ya joto, harufu ya rangi ya mlango, unato kwenye mwiko. Yakifika hapo yamwagwe yote. Kuongezea mapya juu ya yaliyochoka ni kuyaua mapya nayo, na mteja wa pili atasikia kiungulia cha wa kwanza.

Zege lina mambo yake. Lawama ya kwanza kwa chipsi mayai ni kwamba yai limekuwa mpira na chipsi zina ubaridi katikati. Sababu: chipsi zimetoka kabatini moja kwa moja, yai limemwagwa juu yake, na likaiva kabla viazi havijapata moto. Pasha chipsi kwanza kwenye kikaango na kijiko kimoja cha mafuta, dakika moja na nusu, huku mayai yakipigwa pembeni na chumvi. Kwa gramu 250 za chipsi mayai mawili yanatosha kushikamana. Matatu ndiyo ya kuitwa zege. Mwaga, punguza moto, zungusha kikaango ili yai lishuke kila kona, funika kwa sahani. Likishika pembeni na katikati bado linatetemeka, geuza kwa sahani hiyohiyo. Sekunde thelathini upande wa pili zinatosha. Wanaoongeza mafuta ili lisigande wanatibu kikaango kichafu kwa dawa ya bei mbaya.

Chipsi dume, yaani mihogo, nisiiseme sana kwa kuwa hapo Tanga haihitaji mwalimu. Neno moja tu: ichemshwe kwanza na chumvi dakika kumi mpaka kumi na tano, uzi wa katikati utolewe, maji yamwagwe, ndipo ikaangwe. Anayeikaanga mbichi anauza kuni. Mhogo wenye uchungu hauwekwi kabisa.

Kwenye sosi ninakuwa mkali zaidi. Chupa nyekundu ya tomato iliyokwishajazwa mara tano, ikaongezwa maji ili isogee, si sosi tena. Siki ndiyo inayoihifadhi, na ukiizimua kwa maji unaipa nafasi ya kuchacha. Ile inayopuliza hewa ukiifungua inakwambia yenyewe. Na inashangaza kwamba tunainunua wakati chachandu, sosi yetu ya ukwaju, ipo. Loweka gramu 200 za ukwaju kwenye vikombe vitatu vya maji ya moto, ukande, chuja mbegu. Rudisha jikoni na vitunguu saumu vitatu vilivyopondwa, pilipili mbuzi moja, chumvi nusu kijiko, sukari kijiko kimoja. Ikichemka, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano kwenye maji baridi, mimina, endelea kukoroga dakika tano isifanye mabonge. Inatosha sahani nyingi, na ukali wake unakata mafuta kuliko nyanya ya chupa itakavyoweza. Kachumbari nayo ikatwe kidogokidogo kila saa moja au mbili, chumvi iwekwe wakati wa kupakua. Ikitiwa mapema inatoa maji, na maji yale ndiyo yanayolowesha chipsi ulizohangaika nazo.

Limebaki la kubeba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mabanda mengi yamehamia kwenye kaki na mengine kwenye vyombo vya foili vyenye kifuniko. Kaki safi ndiyo bora, inapumua. Foili ikifungwa kabisa, chipsi zinapikwa upya kwa mvuke wake zenyewe, na mtu akitoka Mgandini hadi afike Raskazone anafungua viazi vya kuchemsha. Muuzaji aache pembe moja wazi, na chachandu iende kwenye kifuko chake.