Kadi mbili za uanachama: Yanga ya nyumbani na Union ya Berlin

Watanzania wengi tunaoishi Ujerumani tuna mazoea ya kusema kwamba mashabiki wa huku wanaupenda mpira kwa ustaarabu, ilhali sisi tunaupenda kwa kelele. Kauli hiyo nimeichoka, kwa sababu aliyewahi kusimama nyuma ya goli kwenye uwanja wowote wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, anajua kwamba kelele za huku hazina mfano, na aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa Tanga siku moja baada ya dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, anajua kwamba kuna ustaarabu wa aina yake katika namna tunavyochokozana bila kugombana. Mimi ni Yanga wa kurithi na Union Berlin wa kuhamia. Tofauti ninayoiona baina ya pande hizi mbili ni hii: huku shabiki huimiliki klabu kwa ada, kadi na kura, na kwetu huimiliki kwa kumbukumbu na utani. Ninavyoona mimi, kile tunachokosa sisi kinaweza kupatikana tukikitafuta, lakini kile wanachokosa wao sijui wangekianzia wapi.

Nilikulia Tanga, mji wenye Coastal Union yake iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na bado nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mtaa ule, iligawanyika kwa Simba na Yanga. Baba alikuwa Yanga na mjomba, aliyeishi nasi, alikuwa Simba. Redio ilikuwa moja. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya 0-0 na Stella Club d'Adjamé kule Abidjan, na nchi nzima ikaamini kwamba kombe limeshafika. Kisha Stella wakaja Dar es Salaam wakashinda 2-0. Baba hakusema lolote usiku ule, maana aliona msiba hauchokozwi ungali mbichi, lakini kuanzia asubuhi yake jina la Stella likawa silaha ya nyumba. Mjomba akikataa kwenda sokoni, aliulizwa kama anamwogopa Stella. Mjomba akichelewa kurudi, alikuwa kwa Stella. Sisi watoto tulilipokea jina hilo kama tulivyopokea majina ya mababu, na wengine hatukujua kwa miaka kadhaa kwamba ni jina la timu.

Nimesimulia hayo kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa yaliyonipata mwishoni mwa Mei 2023. Jumamosi ya tarehe 27 Union iliifunga Werder Bremen 1-0, bao la Rani Khedira, na timu ambayo ilipanda Bundesliga mwaka 2019 tu ikajikatia tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Watu wazima walilia hadharani pale Köpenick, mtaa wa Berlin ulio nyumbani kwa Union, nami nikiwemo. Siku iliyofuata Yanga ilicheza mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, Uwanja wa Benjamin Mkapa, tukafungwa 2-1 pamoja na bao la Fiston Mayele. Tarehe 3 Juni tulishinda 1-0 kule Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, hushinda aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini. Jirani yangu Mjerumani, mzee wa Union aliyekubali kuangalia mechi hiyo nami kwenye simu, alisubiri dakika za nyongeza zianze. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikuwa imeifuta kanuni hiyo tangu 2021, na ilinichukua muda kumweleza kwamba Afrika bado inatumika na kwamba mambo yamekwisha.

Kabla sijamaliza maelezo, ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba ulikuwa umeshafika. Alisema, kwa utulivu wa mtu aliyesubiri miaka 30: "Mjomba, pole sana. Stella ana mdogo wake, anaitwa Alger." Hakuongeza neno. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo deni lile lililipwa kwangu mimi mrithi, na ninakiri kwamba katika uchungu wote wa siku ile ujumbe huo ndio ulionifanya nijione nipo nyumbani. Mwaka 2025 Simba ilipofika fainali ya kombe hilohilo, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar, ilikuwa zamu yangu kumtumia ujumbe. Nilimwambia tu kwamba ukoo wa Stella unakua.

Jambo hili sijaliona Berlin. Mji huu una Union na Hertha, timu mbili zenye historia ambayo ukisimuliwa kwa mara ya kwanza unadhani ni hadithi ya kutunga. Wakati ukuta ulipougawa mji, mashabiki wa Hertha wa magharibi walivuka mpaka kwenda kuwaona wenzao wa Union, na Januari 1990, wiki chache baada ya ukuta kuanguka, timu hizo zilicheza mechi ya kirafiki kwenye Olympiastadion mbele ya watu zaidi ya 50,000, mashabiki wa pande zote mbili wakiimba pamoja. Leo ukuta haupo na urafiki nao umekwisha. Walipokutana kwa mara ya kwanza katika Bundesliga, Novemba 2019, mechi ilisimamishwa kwa sababu ya fataki zilizorushwa uwanjani, na baada ya kipenga cha mwisho kipa wa Union, Rafał Gikiewicz, alilazimika kuwazuia vijana wa upande wake mwenyewe waliofunika nyuso na kuingia uwanjani. Siku ya dabi mashabiki wa timu ngeni hupitishwa njia yao, wakisindikizwa na polisi, na kuwekwa kwenye kona yao ya uwanja. Sina maana kwamba kwetu hakuna fujo, kwani zimewahi kutokea na viti vimewahi kung'olewa. Nina maana kwamba kwetu aliyekaa upande wa nyekundu na aliyekaa upande wa njano huenda wanarudi kulala chumba kimoja, na wanalijua hilo tangu wanapotoka nyumbani. Utani wa jadi umesimama juu ya ukaribu huo. Mjerumani ana jirani, ana mfanyakazi mwenzake, lakini mara nyingi familia nzima ni ya timu moja, na mpinzani ni mtu wa mbali ambaye hakuna wa kumtumia ujumbe wa pole wenye sumu.

Hata hivyo kuna somo moja la Union ambalo ningependa lifike Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba kesho asubuhi. Alte Försterei, uwanja wa Union, una desturi ambazo haziandikwi mlangoni lakini kila mgeni hufundishwa na waliomzunguka: mchezaji wetu hazomewi, hakuna anayetoka kabla ya kipenga cha mwisho, na hakuna mmoja anayebebeshwa lawama za kufungwa. Mtangazaji wa uwanja anapolitaja jina la mchezaji wa Union, umati huitikia kwa kumwita mungu wa mpira, awe ni mfungaji bora au ni yule ambaye hajacheza tangu Agosti. (Mimi Mwislamu wa Tanga hapo huishia kupiga makofi.) Niliona thamani ya desturi hiyo vuli ya 2023, pale timu ileile iliyotufanya tulie kwa furaha ilipoanza kufungwa mfululizo, nyumbani na Ulaya. Majukwaa yaliimba hadi mwisho wa kila mechi. Kocha Urs Fischer alipoondoka mwezi Novemba, aliondoka baada ya miezi ya kuvumiliwa, akiagwa kama mtu wa nyumbani.

Kwetu mchezaji akikosa penalti, kabla hajafika kwenye basi ameshaambiwa kwamba amenunuliwa. Neno "kauza mechi" hutamkwa kirahisi mno, bila ushahidi, juu ya vijana ambao wiki iliyotangulia tuliwavisha mashada. Makocha ndio usiseme. Simba ilipofungwa 5-1 na sisi tarehe 5 Novemba 2023, kocha wao Robertinho aliondolewa siku mbili baadaye, na sisi tulicheka sana. Mwaka mmoja baadaye Miguel Gamondi, aliyekuwa kwenye benchi letu siku ya mabao yale matano na aliyetupa ubingwa wa 2023/24, alipoteza mechi mbili za ligi mfululizo dhidi ya Azam na Tabora United, naye akaonyeshwa mlango. Safari hiyo walicheka wao. Najua uongozi ndio unaofukuza, lakini uongozi husikiliza mitandao, na mitandao ni sisi.

Sasa nije kwenye kura, maana hapo ndipo wenzetu wanapotuzidi kwa mbali. Tangu 1998 soka la Ujerumani lina kanuni iitwayo 50+1, ambayo huhakikisha kwamba mwekezaji hata akileta fedha kiasi gani, wingi wa kura hubaki kwa wanachama wa klabu. Ina matundu yake: Leverkusen na Wolfsburg zina ruhusa maalumu kwa sababu ya viwanda vilivyozilea, na Leipzig imeifuata kanuni kwa herufi huku wanachama wenye kura wakiwa wachache mno. Lakini kwa klabu nyingi kanuni hiyo inaishi. Ligi ilipotaka kumuuzia mwekezaji asilimia 8 ya mapato ya haki za matangazo, Desemba 2023 mashabiki kote nchini walikaa kimya dakika 12 za mwanzo wa mechi, kisha majuma yaliyofuata wakarusha mipira ya tenisi uwanjani hadi waamuzi wakalazimika kusimamisha mchezo mara kwa mara. Tarehe 21 Februari 2024 ligi iliachana na mpango huo. Hawakuumiza mtu. Walikuwa na hoja, walikuwa wamejipanga, na nyuma ya hoja walikuwa na kura zao ndani ya klabu.

Kwa karatasi, sisi hatuko nyuma. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilizaliwa kama klabu za wanachama, na mageuzi ya kuziingiza kwenye mfumo wa hisa, ambayo wanachama wa Simba waliyakubali 2017 na wa Yanga 2021, yamewekewa sharti kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Ni kanuni inayofanana sana na ya Wajerumani. Kinachotofautiana ni mwenye asilimia hizo anazitumiaje. Mwanachama wa Union hulipa ada yake, husoma hesabu, hukaa mkutanoni saa nyingi akisikiliza mambo ya kuchosha kama gharama za mabomba ya maji, na huuliza maswali. Wengi wetu tuna jezi mpya kila msimu lakini ada ya uanachama hatujui tuliilipa lini mara ya mwisho. Mkutano mkuu wetu ni sherehe nzuri, yenye ngoma na tambo, na ajenda ya hesabu hupita huku watu wakisubiri kusikia majina ya wachezaji wapya.

Ndiyo maana Machi 2025 ilinisononesha kuliko kipigo chochote. Dabi ya tarehe 8 iliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kusema haitacheza kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa jioni iliyotangulia. Watu walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani. Mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, tukashinda 2-0, na katika miezi yote mitatu ya mabishano kati ya klabu, bodi na shirikisho, sikusikia chombo hata kimoja kikimuuliza shabiki anataka nini. Tulichofanya sisi ni kutupiana maneno, Utopolo kwa Makolo, majina ya utani ya Yanga na Simba. Ulikuwa utani mtamu, lakini kwa mara ya kwanza niliona jinsi ulivyowafaa wote waliopaswa kutujibu, kwa kuwa tulikuwa tumejishughulisha wenyewe kwa wenyewe.

Uwanja nao una habari yake. Mwaka 2008 Alte Försterei ilikuwa imechakaa na klabu haikuwa na fedha, basi mashabiki zaidi ya 2,000 wakaingia wenyewe na makoleo, wakafanya kazi za kujitolea kwa takribani saa 140,000 hadi majukwaa yakasimama upya 2009. Miaka miwili baadaye wakauziwa hisa za uwanja huo kwa euro 500 kila moja. Nikisimulia habari hii kwa watu wa Tanga hakuna anayeshangaa, kwa sababu msaragambo tunaujua, shule na barabara zetu nyingi zilijengwa hivyo. Kinachowashangaza ni kwamba ulifanywa kwa ajili ya mpira. Klabu zetu mbili, zenye mamilioni ya wapenzi, hadi leo huchezea mechi zake kubwa kwenye uwanja wa serikali, na ule wa Kaunda pale Jangwani maji ya bonde la Msimbazi huufunika kila mvua zinapozidi. Mipango ya ujenzi imetangazwa zaidi ya mara moja.

Nikiulizwa ningeanzia wapi, ningeanza na hilo la uwanja, na ningetaka hisa ziuzwe kwa bei ambayo mwenye bodaboda anaweza kuilipa kidogo kidogo, zisimamiwe na watu waliopigiwa kura, na hesabu zibandikwe kwenye kila tawi. Sisi wa ughaibuni tungechangia. Nimeshawauliza wenzangu wa Hamburg na Frankfurt, Yanga kwa Simba, na hakuna aliyekataa. Mjomba naye nilimuuliza. Alisema Yanga ikijenga kwanza, yeye atanunua hisa moja kwa siri, ili siku timu yake ikija kutufunga awe anatufunga kwenye mali yake.