Sisi Tulitafuta Bekoni, Wao Wakatafuta Rupia

Watu wa fani nyingine wakienda fildi hurudi na ripoti. Kikundi chetu cha upimaji ardhi kilirudi na ripoti, matope hadi masikioni, na kesi ya sufuria ambayo nasikia mpaka leo haijaisha.

Ngoja nianzie darasani, maana mzizi wa fitina ulikuwa huko. Tulikuwa tumefika kwenye somo la jiodesia, ile hesabu ya kupima ardhi ukishakubali kwamba dunia si bapa. Kabla ya hapo tulikuwa na raha zetu: kiwanja kina pembe nne, unapiga hesabu, kinafunga, unaenda kula. Akaingia Mwalimu, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akatuambia dunia ni chungwa lililokaliwa. Katikati limetanuka, juu na chini limebonyea, na nusu kipenyo cha ikweta kinazidi cha ncha kwa kilomita kama 21. Tukaandika. Kisha akavua miwani na kusema, "Shida ni kwamba kila aliyelipima chungwa hilo kapata lake."

La Clarke, Mwingereza, la mwaka 1880, lina nusu kipenyo cha ikweta cha mita 6,378,249. Juu ya hilo ndipo ramani zetu za Afrika Mashariki zilipojengwa, kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, jina lililotokana na ule mnyororo wa pembetatu uliopimwa kufuata meridiani (mstari wa longitudo) ya 30, kutoka Afrika Kusini mpaka Misri. Halafu wakaja Wamarekani na setilaiti zao, wakaleta WGS 84, ya mita 6,378,137. Vitovu vyenyewe havikai pamoja. Kutoka cha Arc 1960 kwenda cha WGS 84 unajumlisha mita hasi 160 kwenye X, hasi 6 kwenye Y, hasi 302 kwenye Z. Mwalimu alitukaririsha hizo namba tukiwa tumesimama: "Mia na sitini, sita, mia tatu na mbili, zote hasi!" Wanafunzi wa darasa la jirani walidhani tuna kwaya.

Kisha ikaja hesabu yenyewe. Kugeuza latitudo na longitudo kuwa kodineti za UTM, yaani namba za mita za mashariki na kaskazini kwenye ramani, kwa mkono kunakula ukurasa mzima wa fomula, na kila kipande kina mabano ndani ya mabano. Sekunde moja tu ya latitudo ni karibu mita 31 ardhini, kwa hiyo ukidondosha sekunde kumi umeshaingia shamba la mtu. Mwenzetu mmoja alikosea alama ya kutoa, akaiweka Lushoto upande wa pili wa meridiani ya 39, ambayo ndiyo katikati ya kanda yetu ya UTM, ikatua baharini, kaskazini kidogo mwa Pemba. Mwalimu aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akamuuliza kwa upole kama huko kuna nyumba ya wageni, maana fildi yetu ilikuwa inakwenda Lushoto.

Na kweli tukaenda. Kila kikundi kilipewa karatasi ya bekoni moja ya trigi, yaani nguzo ya wapimaji ambayo mahali pake panajulikana kwa hesabu, milimani Usambara: kodineti zake, mchoro wa mkono na maelezo ya njia yaliyopigwa taipu zama za Mwingereza. "Fuata njia ya miguu hadi mkuyu mkubwa." Mkuyu wenyewe uligeuka mkaa kabla hatujazaliwa. Kazi ilikuwa kuipata bekoni, kusimika totali stesheni, chombo cha kupimia pembe na umbali, juu yake, kupima pembe na kupiga hesabu.

Kiongozi wetu tulimwita Profesa, kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu na mara nyingi lilikuwa la swali jingine. Alikuwa ameshika GPS ya mkononi na hakutaka mtu aiguse. Mimi nilibeba tripodi. Waliowahi kubeba tripodi ya mbao kupanda Usambara wananielewa, wengine tuendelee. Nyuma alikuja dada mmoja mkimya tuliyemwita Dada Hesabu, na kikokotoo chake kwenye mkebe wa pipi.

Profesa aliingiza namba za kwenye karatasi, akafuata mshale. Mshale ukatupitisha kwenye shamba la maharage, ukatuvusha mfereji, ukatuteremsha bondeni, ukatutumbukiza katikati ya migomba ya Bibi mmoja, umbali ukasoma sifuri. Tukasimama. Bekoni ya trigi, kwa kawaida yake, huwekwa juu mlimani ionane na wenzake. Hapo tulipo, kitu pekee tulichoonana nacho ni choo.

"Lakini Profesa," nikasema, "hapa ni bondeni."

"Ardhi ya milimani inahama," akajibu bila kuinua macho. "Udongo huporomoka."

"Na nguzo?"

"Imevunjwa. Chini ya kila nguzo kuna alama iliyozikwa. Someni karatasi." Hilo la alama ya chini lilikuwa kweli, limeandikwa, na ndilo lililotumaliza. Mtu akiwa na jambo moja la kweli mkononi, mengine tisa ya uongo yanapita bila kukaguliwa.

Tukamwamkia Bibi, shikamoo, marahaba wajukuu zangu, tukamweleza kwamba tunaomba kuchimba kidogo nyuma ya nyumba kutafuta alama ya zamani iliyozikwa na wazungu. Sentensi hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi. Hakuna neno ndani yake lisilo la kweli, na hakuna namna nyingine ambayo Bibi wa Lushoto angeweza kuielewa. Mji huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal, waliukalia, kisha wakaondoka wakati wa vita, na kila mtoto wa milima ile kakua akisikia kwamba waliacha rupia zimezikwa, na kwamba jiwe lao lolote ni alama ya sanduku.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akaita, "We Hadija! Zima moto, njoo!"

Kabla hatujafika goti, pale walikuwa watu kumi na tano. Tulipofika kiunoni, walikuwa wameleta majembe yao. Vijana ambao asubuhi tuliwaomba watusaidie mizigo wakakataa, sasa walikuwa wanachimba kwa zamu na kugombea sepetu. Profesa alifurahi sana. Alisema huo ndio ushirikishwaji wa jamii.

Mwenyekiti wa kitongoji akafika na daftari na kofia yake ya pama. Akadai barua ya utambulisho. Akaisoma kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye maneno "kutafuta na kuhakiki alama za zamani za ardhini" akaikunja na kuitia mfukoni mwake.

"Vijana," akasema, "mambo haya yana utaratibu. Kitongoji kitapata theluthi."

"Theluthi ya nini?" Bibi akadakia. "Mgomba wa nani huo? Nusu yangu!"

Profesa akaona ni wakati wa elimu kwa umma. Akapanda juu ya kichuguu cha udongo na kueleza kwamba dunia si duara kamili, kwamba imebonyea, na kwamba sisi tunatafuta mahali ambapo hesabu zake zinajulikana.

"Imebonyea wapi?" Mwenyekiti akauliza, kalamu tayari.

"Juu na chini."

"Chini kiasi gani?"

"Kilomita 21."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja akavua koti na kuomba sepetu.

Hapo ndipo jembe likagonga kitu. Ko! Wote tukatulia. Hata mbuzi wa Bibi, naapa, aliacha kutafuna. Kijana aliyekuwa shimoni akapapasa, akavuta, akatoa chombo cheusi kilichojaa udongo. Profesa akanyoosha mikono kuipokea alama yake ya chini.

Lilikuwa sufuria. La alumini, kubwa, la kupikia shughuli, limebonyea ubavuni, sikio moja limetoka.

Bibi akalichukua, akalifuta kwa khanga, akaligeuza kitako juu. Palikuwa na alama tatu zilizokwanguliwa kwa kisu. Akakaa chini. Sasa naomba mnielewe, sisi tulikuwa wageni, historia hatukuijua, lakini historia yenyewe ilikuwa imesimama palepale imejifunga kanga ya kijani. Ni wifi yake. Sufuria hilo lilipotea siku ya harusi ya mtoto wa Bibi, na tangu hapo Bibi alishika kwamba wifi kaondoka nalo. Hawakuwa wanasalimiana. Mtoto mwenyewe aliyeolewa siku hiyo ameshakuwa na wajukuu.

"Haya," akasema wifi, mikono kiunoni. "Sema sasa. Sema mbele ya wasomi."

Bibi akalitazama sufuria. "Na nani atajua kama hukuja kulizika mwenyewe?"

Lahaula! Nusu ya umati ikahamia upande wa wifi, nusu ikabaki na Bibi, na theluthi ya kitongoji ikasahauliwa kabisa. Mwenyekiti alikuwa anafungua ukurasa mpya wa daftari alipotokea Babu mmoja akiteremka kutoka juu, panga begani. Akasimama ukingoni, akachungulia shimo, akatutazama na vifaa vyetu.

"Wajukuu, mnachimba nini?"

Tukamwamkia, tukamweleza: nguzo ya saruji, ya zamani, ya wapimaji, huenda imevunjwa.

"Ile yenye kibati cha shaba? Kibati walishang'oa. Jiwe lenyewe si liko pale juu?" Akaonyesha mlima kwa ncha ya panga. "Natoka kunolea panga hapohapo. Na baba yangu alinolea hapohapo."

Nilimgeukia Profesa. Alikuwa anaitikisa GPS.

Dada Hesabu hakusema kitu. Aliichukua ile GPS mkononi mwake, akampa Babu mkono, wakapanda. Nikafuata na tripodi yangu, maana nani angenibebea. Juu kabisa, kwenye kilele ambacho kila mtu mwenye macho angekianza nacho, ilisimama nguzo, nzima, inanifika kifuani. Ukingo wake mmoja ulikuwa umelika kwa panga za ukoo mzima, laini, na chembe za chuma bado zinang'aa juu ya saruji.

Dada Hesabu akaiweka GPS juu ya nguzo, akasubiri, akasoma. Akatoa kikokotoo kwenye mkebe. Namba ya kaskazini ya GPS ilikuwa pungufu ya ile ya karatasi kwa mita 300 na kitu. Namba ya mashariki ilizidi kwa 90 na kitu. Akaanza kucheka peke yake.

"Mia na sitini, sita, mia tatu na mbili," akasema. "Zote hasi."

Karatasi ilikuwa ya Arc 1960. GPS ilikuwa imewekwa WGS 84, kama ilivyotoka dukani, na kwenye menyu yake Arc 1960 ilikuwepo muda wote, ikisubiri mtu aichague. Akanionyesha hesabu hapohapo juu ya mkebe, na mimi ambaye darasani nilikuwa naimba tu, ndiyo siku niliyoelewa ninachokiimba. Sisi tuko jirani na ikweta, kwa hiyo mhimili wa Z, unaoelekea ncha ya kaskazini, kwetu umelala karibu sawasawa na ardhi. Zile mita 302 za Z haziendi mbinguni wala kuzimu, zinapunguzwa karibu zote kutoka namba ya kaskazini. Na mashariki? Chukua 160, zidisha kwa saini (ile sine ya hesabu za pembe) ya longitudo, digrii 38 na ushee, unapata 99. Toa karibu 5 za ile Y. Inabaki 94. Ukiteremka mlima ule mita 300 kaskazini na 94 magharibi, unatua kwenye migomba ya Bibi, jirani na choo.

Mwalimu alipokuja jioni alizunguka shimo mara moja, akauliza kina chake, akasema vizuri, basi kesho lipimeni kutoka kwenye bekoni mliandike kwenye ripoti. Tukaomba msamaha kwa Bibi, tukataka kulifukia. Mwenyekiti akakataa katakata. Alisema suala liko mikononi mwa kitongoji. Habari za chungwa la Clarke na la Wamarekani alizisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma: vijana wa watu, wameagizwa waseme hivyo.

Kesho yake asubuhi tukasimika totali stesheni juu ya nguzo. Profesa, ambaye sasa alikuwa mpole wa kutisha, tukampa kazi ya kuelekeza kwa mikono, kwa kuwa kutoka juu mpaka shimoni sauti haifiki. Mwenzetu mmoja alisimama ukingoni mwa shimo na prizma, kile kioo cha kurudisha mwale wa chombo. Dada Hesabu akaweka jicho kwenye darubini.

"Mwambie asogee kushoto," akasema.

Profesa akanyoosha mkono wa kushoto. Mwenye prizma akasogea. Umbali wa mlalo ukasoma mita 315 na sentimita kadhaa, na mimi nikaandika.

"Tena kidogo," akasema Dada Hesabu, kisha akaondoa jicho, akaniita nichungulie.

Shimo lilikuwa limeongezeka kina usiku kucha. Ndani yake, kifua tu kikionekana, alikuwepo Mwenyekiti na kofia yake ya pama, na nyuma yake Bibi na wifi wameketi juu ya sufuria lililopinduliwa, kila mmoja na upande wake. Mwenyekiti alikuwa ameinua uso mlimani, anamtazama Profesa kwa makini. Profesa akanyoosha mkono tena, kushoto. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akatema mate viganjani, akahama hatua moja kushoto na kuendelea kuchimba.